Kwa Bibi wa Tumbo Hakuna Kushukuru

Kwake ilikuwa marufuku kusema asante. Alikukabidhi majani yako yakiwa yamefungwa ndani ya jani la mgomba, na kabla hujafumbua mdomo alikuwa ameshakukatiza: anakohoa, anapiga makofi, au anakuuliza habari za ng'ombe ambaye nyumbani kwenu hamjawahi kuwa naye. Dawa ikishukuriwa, alisema, inadhani kazi yake imekwisha. Inageuka hapo hapo mlangoni na kurudi kwa aliyeitoa, na wewe unakwenda nyumbani umebeba takataka.

Hapa kwetu Kanazi tulimwita Bibi wa Tumbo. Jina lake la ubatizo lilijulikana, lakini lilibaki kanisani. Kibanja chake kilipakana na chetu, migomba yake na migomba yetu ilishikana majani, na mpaka tulioujua ni mstari wa mibuni ambao mama na yeye walibishana juu yake kila msimu wa kuvuna kahawa, kisha wakavuna pamoja. Nimeishi naye hivyo tangu nijue kutembea. Na kwa miaka yote hiyo amewatibu watu matumbo, na leo ninapoandika habari zake naandika habari za tumbo lake mwenyewe, ambalo hatukuliuliza.

Watu walipozuiwa kushukuru walibuni njia zao. Wengine waliondoka wakicheka tu. Wengine walisema, "Haya, mimi ndiyo naondoka hivyo," kwa sauti nzito kama wanaokwenda vitani. Lakini njia kubwa ilikuwa kusahau. Watu walisahau vitu kwake: sukari, mkungu wa ndizi, sabuni, mara nyingine kuku mzima aliyefungwa miguu. Bibi alikuwa akisimama uani na kutangaza ili majirani wote tusikie:

"Kuna mtu kasahau kuku hapa! Mwenye kuku!"

Hakuna aliyejibu. Alitangaza tena, kwa haki, halafu akatafuta kisu.

Alikuja mvuvi mmoja kutoka visiwani Muleba, kijana wa mbali asiyejua hata neno la Kihaya. Tumbo lilikuwa limemsumbua huko ziwani mpaka wenzake wakakataa kukaa naye mtumbwi mmoja. Zahanati walikuwa wamempima, wamempa dawa, damu hakuna, homa hakuna, lakini tumbo lilikataa kutulia. Bibi alimhoji, akamchemshia, akamfungia. Yule kijana alikuwa na adabu zake. Akapokea kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Asante sana, mama. Mungu akubariki."

Bibi alimnyang'anya kifurushi, akaenda nacho kwenye shina la mgomba lililo karibu na mlango, akamwaga kila kitu.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hukukosa. Umeirudisha. Kaa chini, tuanze upya."

Kijana alikaa kwenye kigogo asubuhi yote, akiangalia majani yakichumwa tena, yakioshwa tena, yakichemshwa tena. Alipopewa mara ya pili alijibana midomo kwa vidole, akarudi kinyumenyume hadi kwenye mibuni, na huko ndiko tulikomsikia akipasuka kucheka. Baadaye alisahau samaki wakavu kwenye uzio wa Bibi. Shina lile la mgomba, kusema kweli, lilinenepa kuliko yote kibanjani, maana wageni wenye adabu hawakuisha.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mganga wa mapembe na ramli. Ukimwita mfumu alikufukuza. "Mimi mpishi," alisema. "Maombi ni ya padri, majani ni yangu." Na kweli ilikuwa kazi ya jiko. Ndizi mbichi alizimenya, akazikata nyembamba, akazianika juu ya ungo, zikikauka akazitwanga kwenye kinu na kuchekecha. Unga huo ndio ulikuwa uji wake wa kwanza kwa kila tumbo lililochubuka. Majani machanga ya mpera alichemsha kwa wale wanaoharisha. Manjano aliyapanda nyuma ya nyumba, akayasaga mwenyewe, ndiyo maana vidole vyake vilikuwa na rangi ya jogoo wa sikukuu hata siku ya Pasaka akienda kukomunika. Mubirizi, ule mti wa majani machungu kuliko kwinini, aliutoa kidogo kidogo na kwa masharti. Mshubiri aliukatalia kabisa mwenye utumbo uliovimba. "Mshubiri unasukuma," alisema. "Mtu ana kidonda ndani, wewe unamletea fagio?"

Kila alichompa mtu alikionja kwanza. Siku moja sokoni Kemondo alimkuta muuza dawa mwenye spika, anatangaza chupa moja inayotibu vidonda vya tumbo, bawasiri, uti wa mgongo na ndoa. Bibi akasimama mbele yake na kikapu chake kichwani.

"Umeonja?"

"Mama, hii ni ya wagonjwa."

"Basi onja tukuone."

"Mama, sogea, unanizibia wateja."

"Wateja, mmemsikia? Mimi hata chakula cha mbwa huwa nakionja."

Soko zima lilicheka. Yule muuza dawa naye akacheka, akazima spika, akahamia upande wa wauza ndala.

Lakini kilichomfanya ajulikane hadi Kaagya kilikuwa swali lake. Kabla ya salamu, kabla ya kigoda, aliuliza: "Choo kikoje?" Hakuwa na aibu nalo na hakukuruhusu uwe nayo. Alitaka rangi, alitaka ulaini, alitaka kujua kama kina ute, kama kinakuamsha, kama kinakuja na maumivu upande wa kushoto. Na hakuuliza kwa kunong'ona.

Jirani yetu mwingine, Ta Pio, ni mtu mzito, mwenyekiti wa kigango, anayevaa koti hata jua likiwaka. Siku moja alikuwa akipita njiani na padri mgeni, anamweleza mambo ya ujenzi wa kanisa. Bibi akamwona kutoka ng'ambo ya mibuni.

"Ta Pio! Leo choo kimekuwaje?"

Padri akasimama. Ta Pio akatazama mbinguni, kwa bosi wake. Halafu, maana alimjua Bibi kwamba asipojibiwa ataliuliza swali kwa sauti kubwa zaidi, akavua kofia na kujibu kwa heshima ya Kihaya:

"Kigumu kidogo, waitu! Lakini kimetulia!"

"Ongeza papai!"

"Nitaongeza, waitu!"

Wakaendelea na safari. Mama alikaa chini katikati ya maharage akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi hadi leo nikikumbuka nacheka, halafu kicheko kinakatikia katikati, maana nakumbuka pia kwamba swali lile lilikuwa linakwenda upande mmoja tu.

Alikuwa na sheria moja iliyozidi zote: damu na homa ni vya hospitali. Ukimjibu kwamba kuna damu, alifunga jiko. Hakukupa hata jani. Alijifunga kitenge, akavaa sweta ya bluu ya shule ambayo mwanawe aliyehamia Mwanza aliiacha, akakusindikiza mpaka barabarani na kusimama hapo mpaka upate gari la kwenda Bukoba. Wapo waliolia, wapo waliomtukana kwamba anawafukuza kwa kuwa hawana cha kusahau. Alisimama na sweta yake akitazama gari hadi linapinda. Ukirudi na dawa za hospitali alikuuliza umemeza, utamaliza lini, na daktari amekataza nini. "Mimi nakuja nyuma yake," alisema. "Yeye anazima moto, mimi napaka nyumba udongo."

Na hakuwa malaika, jamani. Wagonjwa wake aliwakataza pombe, pilipili na kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni kabla hata hajaketi. Yeye mwenyewe alikuwa na buni mdomoni tangu alfajiri. Jumapili baada ya misa alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu chake na kuimba sauti ya pili ya nyimbo za Kwaresima hata kama ni Krismasi. Msimu wa senene alikaanga na pilipili nyingi, akafunga mlango, na harufu ikatufikia sote. Ukimwambia, "Bibi, si umekataza?" alikujibu, "Nimewakataza wagonjwa. Mimi ninaumwa?" Tukacheka, tukaamini. Nadhani naye aliamini.

Tena alikosea, na kukubali kosa kulimwia vigumu. Kijana wa zahanati alipomwambia mubirizi wake ni mkali mno kwa wazee, alinuna majuma kadhaa, hampi hata salamu. Kisha tukaona kikombe cha mubirizi kimebadilika, kimekuwa kile kidogo cha chai. "Yule mtoto ana maneno mengi," alisema, "lakini ameona kitu." Hapo ndipo alipomaliza kumsifu.

Mimi tumbo langu lilianza nikiwa kidato cha tatu. Sitaki kulieleza sana. Niseme tu kwamba nilijua njia ya kutoka darasani hadi chooni kuliko nilivyojua hesabu, na wenzangu walinipa jina ambalo silirudii hapa. Hospitali ya Bukoba walinipima wakasema utumbo mpana umevimba kwa ndani. Wakanipa dawa na kuniambia niangalie ninachokula. Mama akanipeleka ng'ambo ya mibuni.

"Koku, choo kikoje?"

Nikaanza kulia. Bibi akaniacha nilie, anapepeta unga wake. Nilipomaliza akauliza tena, sauti ile ile. Nikajibu. Nilipojibu niliona ajabu: kile kitu kilichokuwa kinanitia aibu dunia nzima, hapa kilikuwa habari tu, kama habari za mvua.

Akanipa uji wa ndizi, mpera, manjano kidogo. Akanipa pia maziwa ya mgando, nikavimba kama ngoma. Nikamwambia. Akasema kosa si la maziwa, ni la ng'ombe. Tukabadilisha ng'ombe, nikavimba tena. Akasema basi hata huyo ng'ombe wa pili ana tabia mbaya, tukaacha maziwa. Dawa za hospitali nilimeza hadi mwisho, yeye akizikagua. Sijui ni kipi kilichonituliza, na sidai kujua. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nakaa jikoni kwake kila alasiri na maumivu yalipungua, na kwamba shule niliimaliza ingawa si kwa alama za kujivunia.

Kwenye kigogo kile ndiko nilikomwambia ndoto zangu. Nilitaka kufungua hoteli Kemondo, karibu na bandari, yenye madirisha ya vioo yanayotazama ziwa, na samaki wa kuchoma, na taa za rangi. Nilimwambia yeye atakuwa mteja wa kwanza, atakaa kiti cha kuegemea, atahudumiwa. Watu wengine nikiwaeleza walinicheka. Bibi alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika mchi.

"Na choo kitakuwepo?"

"Kitakuwepo, Bibi."

"Hoteli bila choo ni ukatili. Anza na choo."

Nilitamani kumshukuru siku ile. Si kwa majani, maana majani nilijua sheria yake. Nilitaka kumshukuru kwa lile swali. Nikaanza tu, "Bibi, asa..." naye akapiga makofi kama anayefukuza kunguru, akaniuliza habari za ng'ombe. Nikaondoka nimemeza neno langu. Tulikuwa wengi tuliomeza. Kijiji kizima tulitembea na shukrani tumboni, na tukaona kwamba ndivyo anavyotaka.

Nilikwenda Kemondo nikaanza na meza ya chai na vitumbua, kisha kibanda. Nyumbani nilikuja kwa msimu, na kila nilipokuja nilimkuta Bibi amepungua. Nilidhani ni uzee. Mama alidhani ni uzee. Ta Pio, aliyejibu swali la Bibi mbele ya padri, naye alidhani ni uzee. Kitenge kilichokuwa kinamzunguka mara moja kilianza kumzunguka mara mbili. Ile njia ya kutoka nyumbani kwake kwenda chooni, ambayo zamani ilikuwa na majani pembeni, ilikuwa imekanyagwa ikang'aa. Nyumba ya mtu mmoja, njia inang'aa. Mtu yeyote aliyewahi kupita mikononi mwake angeisoma njia hiyo. Niliiona nikiwa nimesimama na kikapu cha samaki niliokuja "kuwasahau" kwake, nikakitua kikapu chini.

Alikuwa ameketi mlangoni, ungo mapajani, ungo mtupu.

"Bibi," nikasema, "choo kikoje?"

Alinyanyua kichwa. Akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la ubatizo katikati ya soko. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Ee, Koku! Wewe nani wa kuniuliza?"

"Mgonjwa wako. Nijibu."

"Kigumu kidogo, waitu, lakini kimetulia," akasema kwa sauti ya Ta Pio.

Sikucheka. Alipoona sicheki naye akaacha.

"Kina damu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu senene walipoanguka."

Kahawa ilikuwa imeshavunwa tangu senene hao, imeanikwa, imeuzwa.

"Na damu ni ya nani, Bibi?"

"Ya hospitali." Alijibu upesi, kama mtoto anayejibu katekisimu.

"Sasa mbona hukwenda?"

Akaupindua ungo, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Nimesimama pale barabarani na watu wengi, Koku. Nilikuwa naona migongo yao wakipanda gari. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Mimi nilikuwa naijua migongo ya wasiorudi. Sikutaka mtu auone wangu." Akauegemeza ungo ukutani. "Halafu nilisema, akiniuliza mtu nitamwambia. Nikangoja mtu aniulize."

Tulikwenda naye Bukoba, mama, Ta Pio na mimi. Alivaa sweta ya bluu. Barabarani hakutaka tumshike mkono kupanda gari, akapanda wa kwanza, akiwa ametugeuzia uso, kinyumenyume kama yule mvuvi. Daktari alikuwa mpole. Alimpima, akampeleka kwenye vipimo vingine, na tulipoitwa alisema uvimbe umeshika utumbo na umeshakwenda kwingine. Alisema wangeweza kumpunguzia maumivu. Alisema pia, bila ubaya wowote, "Mngekuja mapema." Ta Pio alivua kofia yake akaikunja kama kitambaa. Maneno hayo mawili yamekaa ndani yangu, na kuna saa nikiwa nakaanga vitumbua yanaanza upya yenyewe.

Siku niliyomwona mara ya mwisho ilikuwa mchana, mvua imetoka kunyesha na migomba inadondosha maji. Alikuwa kitandani, dirisha wazi ili aone kibanja. Dawa za hospitali za maumivu zilikuwa kwenye kigoda, amezimeza kama alivyoagizwa. Nikaingia jikoni kwake. Unga wa ndizi ulikuwepo bado kwenye kibuyu, alioutwanga mwenyewe mikono yake ilipokuwa bado na nguvu. Nikapika uji mwepesi, nikatia manjano kidogo, nikaonja. Nikampelekea.

"Umeonja?" akauliza.

"Nimeonja."

"Hoteli?"

"Choo kimekwisha, Bibi. Mlango wa bati, ndoo ya maji, sabuni. Jiko bado."

"Vizuri." Akafumba macho, ameridhika kuliko ningemwambia habari za vioo. "Vizuri sana."

Nikamnywesha. Akameza kidogo, akapumzika, akameza tena. Kisha akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vile vya manjano na kusema wazi, bila haraka:

"Kasinge, Koku. Asante sana."

Nilisimama. Mwili wangu ulijua sheria kuliko akili yangu. Nilichukua kile kikombe nikageuka kwenda nje, kwenye shina la mgomba, nikamwage, nirudi jikoni, nichume, nioshe, nichemshe, tuanze upya. Machozi yalinizuia kuona mlango.

"Unakwenda wapi na kikombe changu?"

"Umeirudisha, Bibi. Ngoja nipike nyingine."

"Rudi hapa. Hiyo ni dawa?"

Nikatazama ndani ya kikombe.

"Huo ni uji, mwana wange. Uji unashukuriwa. Lete nimalize."

Nikarudi. Nikakaa kitandani, nikamnywesha hadi mwisho, taratibu, hadi kijiko kikakwangua. Nje maji yalidondoka kutoka kwenye majani. Nilipoweka kikombe chini nilianza kusema yangu: kwa uji wa kidato cha tatu, kwa ng'ombe wenye tabia mbaya, kwa choo cha Kemondo, kwa swali. Nilisema kwa Kihaya, kilipoisha nikaendelea kwa Kiswahili. Nilikuwa natazama mikono yake, nikingoja makofi.

Safari hii hakunikatiza.